Kabla hujaposti hicho kitambaa, tafuta jina la aliyekitengeneza

Kuna kipindi niliposti picha ya kitambaa kilichodariziwa kwa mkono, kitambaa kizuri mno, uzi mwekundu juu ya nguo nyeusi, mishono imebanana hadi ukiangalia kwa mbali unadhani ni rangi imepakwa. Picha nilitumiwa na rafiki ambaye naye alitumiwa na mtu mwingine. Kwenye kapsheni nikaandika "kazi nzuri ya mikono, msanii hajulikani". Watu wakalaiki, wakashea, komenti zikajaa mioyo, na mi nikaamini kabisa kwamba siku hiyo nimewaheshimisha watu wa sindano. Siku ya nne ikaingia meseji kutoka kwa dada mmoja nisiyemjua, fupi tu. "Anajulikana. Ni mama yangu."

Niliisoma mara nyingi sana hiyo meseji. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mi mwenyewe ni mdarizi, mwaka wa kumi na moja huu, na mitano ya mwanzo nilifanya chini ya lebo ya mtu mwingine. Kuna gauni moja nililikalia wiki tatu, kifua chote na mikono yote ni mkono wangu, likatoka kwenye jarida na wakaandikwa dizaina, mpiga picha, aliyelivaa, aliyempaka poda aliyelivaa, na aliyemtengeneza nywele. Mimi sikuwepo. Nilikata ule ukurasa nikauweka, bado ninao. Sasa mtu aliyepitia hayo ndo huyo huyo anaandika "msanii hajulikani" bila kuuliza hata mtu mmoja.

Tangu siku hiyo kila wiki naandika kuhusu msanii mmoja wa nguo, wafumaji, wadarizi, watia rangi, wabunifu, na nachagua makusudi wale ambao majina yao hayasikiki, wanawake weusi, wenyeji wa asili kwenye nchi zao, wakimbizi, wenye ulemavu, watu wa vijijini wasio na meneja wala tovuti. Nimekosea sana njiani na nimesahihishwa sana, na kwa vile watu wengi siku hizi wananiuliza wafanyeje na wao kwenye kurasa zao au kwenye maonyesho madogo wanayoandaa, nimeona niandike yote mahali pamoja.

Jina kwanza. Kama huna jina, usiposti, subiri. Mtu ataniambia lakini kuna vitambaa vya zamani ambavyo kweli jina halipo, sawa, hivo vipo vingi, lakini nakuhakikishia nusu ya hivo "hajulikani" tunavyovisoma maana yake ni kwamba aliyenunua hakuuliza. Uliza aliyekutumia picha, muulize na yeye kaitoa wapi, nenda nyuma hadi ufike mwisho, mi mara nyingine inanichukua wiki mbili. Na ukishampata mwenyewe muulize anataka aandikwe vipi. Hili nilijifunza kupitia Rosie Lee Tompkins, mshonaji wa kwilti wa California (kwilti, yaani yale mashuka mazito ya vipande vya nguo vilivyounganishwa na kushonwa kwa matabaka). Rosie Lee Tompkins halikuwa jina lake, aliitwa Effie Mae Howard, alizaliwa 1936 na kufariki 2006, na hilo jina lingine alilitumia kwa sababu hakutaka watu wamfuate nyumbani. Kwa hiyo kuna anayetaka jina lake lote liandikwe na la ukoo wake, kuna anayetaka la kisanii tu, kuna anayetaka la kikundi. Yeye ndo anaamua.

Na usidhani kupigania jina ni mambo ya juzi na intaneti. Otti Berger alikuwa mfumaji kwenye Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu huko Ujerumani, alizaliwa 1898, Myahudi, na masikio yake yalikuwa hayasikii vizuri. Alibuni vitambaa kwa ajili ya viwanda, na kwenye miaka ya 1930 alikuwa anadai herufi zake, o.b., ziandikwe kwenye vitambaa alivyobuni badala ya kumezwa na jina la kampuni, na akaenda mbali zaidi akaomba hataza (haki ya kisheria ya mwenye ubunifu) kwa ubunifu wake, kitu ambacho wabunifu wa nguo wa wakati ule karibu hawakufanya kabisa. Aliuawa Auschwitz mwaka 1944. Kila nikiona mtu anasema eti wasanii wa siku hizi wanajikweza kwa kutaka kutajwa, namkumbuka huyu mama na zile herufi zake mbili.

Halafu kuna Ann Lowe. Hii stori naomba uisome taratibu. Ann Lowe, mwanamke mweusi kutoka Alabama, mama yake na bibi yake wote washonaji, ndiye aliyebuni gauni la harusi la Jacqueline Bouvier alipoolewa na John F. Kennedy mwezi wa tisa mwaka 1953, gauni ambalo bila shaka umeshaliona kwenye picha hata kama hujui umeliona. Siku kama kumi kabla ya harusi maji yakafurika kwenye karakana yake yakaharibu gauni la bibi harusi na magauni mengi ya wasimamizi. Kazi iliyokuwa imechukua wiki na wiki ikabidi irudiwe kwa siku zile chache, akanunua vitambaa upya kwa pesa yake, akaajiri watu wa ziada, akapata hasara na hakuiambia familia ile kitu. Harusi ikaandikwa dunia nzima, gauni likasifiwa mshono kwa mshono, na karibu magazeti yote hayakutaja jina lake. Nikikumbuka ule ukurasa wangu niliokata naona wangu ni mdogo kweli kweli, lakini ni ugonjwa ule ule, na dawa yake ni rahisi kiasi kwamba inakera, ni mstari mmoja wa maandishi chini ya picha.

Baada ya jina, andika maneno yake. Maneno ya msanii mwenyewe kuhusu kazi yake, sio yako. Mi nilikuwa na tabia ya kuandika tafsiri zangu, kwamba hii duara ni jua, huu mstari ni safari ya maisha, mpaka msanii mmoja akanijibu kwamba ile duara ni sahani, aliichora kwa kuzungushia sahani na hana maana nyingine. Tangu hapo nauliza.

Mfano mzuri kuliko yote ni Harriet Powers. Alizaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alishona kwilti yenye picha kumi na moja za visa vya Biblia, akaipeleka kwenye maonyesho mjini Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akaipenda akataka kuinunua, Harriet akakataa. Miaka ikapita, hali ikawa ngumu, Harriet akarudi mwenyewe kuiuza, akataka dola 10, yule mwalimu akasema ana 5 tu, na kwa shida zilizokuwepo nyumbani akakubali. Lakini kabla ya kuondoka alimweleza kila picha moja moja, na Jennie Smith akaandika. Leo ile kwilti iko kwenye makumbusho ya Smithsonian huko Marekani, nyingine aliyoishona baadaye iko makumbusho ya Boston, na tunajua kila mraba unasema nini kwa sababu kuna mtu aliyeshika kalamu akasikiliza. Inasemekana Harriet alirudi mara kadhaa kuitembelea kwilti yake, kama mtu anavyoenda kumwangalia mtoto aliyempeleka kulelewa kwingine. Mi hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Na hapo hapo ndo kuna suala la pesa. Siwezi kuandika ushauri wa kusherehekea wasanii nikaruka pesa. Kama unaandaa maonyesho, weka bajeti ya msanii kabla ya bajeti ya viti na vinywaji. Kama unatumia picha ya kazi yake kutangaza biashara yako, mlipe. Kama huna pesa sema mapema kwamba huna, umuache achague, usimwambie "utapata kuonekana", kwa sababu uzi haununuliwi kwa kuonekana. Mi nimewahi kualikwa kuonyesha kazi mahali ambapo mwenye ukumbi alilipwa, fundi taa alilipwa, na wadarizi sita tuliambiwa tuchangie usafiri wetu wenyewe. Tulikwenda wote sita. Leo nisingekwenda, na nisingemwalika mtu kwa masharti hayo. Ukitaka kununua kazi na bei inakushtua, usiombe punguzo kabla hujauliza imechukua siku ngapi, ukishajibiwa mara nyingi hutaomba tena.

Kitu kingine ambacho watu wanakosea sana ni lugha. "Nakshi za kikabila", "staili ya kienyeji", "vibe ya asili". Haya maneno yanabeba dunia nzima kwenye gunia moja. Kitambaa kina jina lake, kina mahali pake, kina ufundi wake. Jifunze angalau jina na jinsi kinavyotengenezwa, kwa sababu huwezi kumsifu mtu kwa kazi usiyojua ugumu wake uko wapi.

Chukua adire ya Wayoruba, Nigeria. Ukiangalia haraka unaona kitambaa cha bluu chenye michoro myeupe, unasema oh nzuri. Sasa ile inayoitwa adire eleko, mtu anachukua uji mzito wa wanga wa muhogo, anachora nao kwenye kitambaa kwa unyoya, mstari mmoja mmoja, anaacha ukauke, ndo anazamisha kitambaa kwenye nili (rangi ya bluu inayotokana na majani), anakitoa kinapigwa na hewa, anakizamisha tena, anarudia mpaka bluu ikolee anavyotaka, mwisho anakwangua ule uji na pale ulipokuwa panabaki peupe. Maana yake anachora kitu ambacho hatakiona hadi mwisho, na mkono ukiteleza kwenye mstari wa mia mbili hakuna kufuta. Ukishajua hivo, hutaandika tena "vibe".

Au ajrakh, vitambaa vya Kutch huko India magharibi, vinavyopigwa mihuri ya mbao kwa rangi za nili, nyekundu na nyeusi, ambapo kitambaa kinaoshwa na kupigwa muhuri na kuzamishwa na kuoshwa tena kwa hatua zaidi ya kumi. Huko kuna familia za Khatri ambazo kazi hii wamerithishana vizazi na vizazi, na mmoja wao anayejulikana ni Ismail Mohammed Khatri, ambaye chuo kikuu cha De Montfort cha Uingereza kilimpa shahada ya heshima. Kinachonifurahisha kwenye habari yao ni maji. Tetemeko la ardhi la Januari 2001 lilipobomoa eneo lao, kijiji cha Dhamadka kikawa na shida na maji ya pale yalikuwa na chuma nyingi, na chuma inaharibu rangi, basi wapiga mihuri wengi wakahama wakaanzisha kijiji kipya kwa sababu ya maji yanayofaa, wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Watu walichagua pa kuishi kwa kuangalia kitambaa kitaoshwaje. Hiyo ni habari ya sayansi, ya uchumi, ya ujasiri, na ukiandika tu "prints za Kihindi" umeizika yote.

Kwa hiyo ukimhoji msanii, muulize kuhusu uzi. Muulize mtande wake (zile nyuzi za urefu zinazotandazwa kwanza) ni wa nini, mshindio (uzi unaopitishwa katikati yake) ni wa nini, rangi ameitoa wapi, sehemu gani inamchosha, ni wapi mtu akikosea lazima afumue. Wasanii wa nguo wamezoea kuulizwa kuhusu utamaduni wao na shida zao, hakuna anayewauliza kuhusu ufundi, na ukiwauliza utaona sura inabadilika kabisa, wanaongea saa nzima. Daisy Taugelchee, mfumaji wa Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani, aliyeishi 1911 hadi 1990, alikuwa anafuma mazulia ya mtindo wa Two Grey Hills yenye nyuzi za mshindio zaidi ya 100 kwenye inchi moja. Inchi moja! Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kitanda cha kufumia anajua hiyo namba inamaanisha nini kwa macho na mgongo. Yaani ningeweza kuandika makala nzima juu ya hiyo namba peke yake.

Na hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo la huruma, kwa sababu ndo nilipokosea vibaya. Nilipoanza, kila posti yangu ilifunguka na maumivu. Alikuwa yatima, alikuwa mkimbizi, hana mkono mmoja, alikataliwa na mume, na mwisho kabisa ndo unaambiwa alifuma kitu gani. Zilikuwa zinapendwa sana hizo posti. Siku moja msanii niliyemwandika, mwanamke anayefuma akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akaniandikia kwa upole kwamba amesoma aya nne za miguu yake na sentensi mbili za kazi yake. Nikaifuta nikaandika upya nikianza na kitambaa.

Jaribu hivo na Judith Scott uone tofauti. Unaweza kuanza kwa kusema alizaliwa 1943 na Down syndrome, hali ya kuzaliwa inayoathiri ukuaji wa akili na mwili, kwamba alikuwa kiziwi na kwa miaka mingi hakuna aliyegundua, kwamba alitenganishwa na pacha wake na kukaa kwenye taasisi miaka 35, na ni kweli yote hayo, na pacha wake Joyce ndiye aliyemtoa. Lakini unaweza pia kuanza hivi, kwamba huyu mama alikuwa anachukua vitu, fimbo, waya, kiti, chochote, anavifunga pamoja na kuvizungushia nyuzi na nyuzi na nyuzi kwa wiki au miezi mpaka vinakuwa maumbo makubwa mazito ambayo huwezi kujua ndani kuna nini, na ukiangalia karibu unaona rangi zimepangwa kwa jicho kali sana, zambarau inachungulia chini ya kijani, uzi mnene unakatizwa na mwembamba, na kwamba alianza kazi hii baada ya kujiunga mwaka 1987 na Creative Growth, karakana ya wasanii wenye ulemavu kule Oakland, California, na akaendelea hadi alipofariki 2005. Maisha yake yataingia, lazima yaingie, ila yataingia yakiwa nyuma ya kazi yake. Mi sasa hii ndo kanuni yangu, kazi inaingia mlangoni kwanza.

Vikundi navyo. Nguo ni kazi ya mikono mingi, anayesokota, anayetia rangi, anayetandika mtande, anayefuma, anayekata pindo, na tabia yetu ya kutafuta staa mmoja inawafuta wengine. Wanawake wa Gee's Bend huko Alabama walishona kwilti kwa vizazi kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shambani zilizopauka magotini, na kazi zao zikaonyeshwa Houston mwaka 2002 kisha New York, na mwaka 2006 zikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Watu wengi wanasema "kwilti za Gee's Bend" wanaishia hapo. Lakini kila kwilti ina mwenyewe. Kuna Loretta Pettway, kuna Mary Lee Bendolph, kuna Annie Mae Young, na ukiziangalia kwa muda utaanza kutofautisha mikono yao kama unavyotofautisha sauti za ndugu wanaofanana. Taja kijiji na taja mtu, vyote viwili.

Kwa upande mwingine kuna wanaotaka kutajwa kama kikundi na hiyo nayo iheshimiwe. Mataaho Collective ni wanawake wanne Wamaori wa New Zealand, Bridget Reweti, Erena Baker, Sarah Hudson na Terri Te Tau, wanafanya kazi pamoja kwa jina moja tangu 2012, na mwaka 2024 wakapewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi yao Takapau, mfumo mkubwa kabisa uliofumwa kwa zile kamba za kufungia mizigo kwenye malori, ufundi wa mikeka ya bibi zao umehamia kwenye kamba za malori. Hao usimtoe mmoja ukamfanya kiongozi wa kikundi, hajawahi kusema ni kiongozi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni nawapata wapi. Wengi wanasaka kwa hashtegi wanapata wale wale ishirini ambao tayari wana wafuasi. Njia yangu ni moja, na niliipata kwa bahati. Mwisho wa kila mazungumzo nauliza, nani alikufundisha? Basi. Kila mtu ana jibu na karibu kila jibu ni mtu ambaye hujawahi kumsikia, shangazi, jirani, mwalimu wa kanisani, mwanamke aliyekuwa naye kambini. Unamtafuta huyo, unamuuliza na yeye. Hivo hivo unashuka. Nike Davies-Okundaye, ambaye leo ana jumba kubwa la sanaa Lagos na amefundisha adire na ufumaji kwa vijana na wanawake wengi bila kuwatoza ada, alilelewa na kufunzwa na bibi aliyemzaa bibi yake. Ukimsifia Nike peke yake umesifia tawi. Toshiko Taira wa Okinawa, aliyetangazwa Hazina Hai ya Taifa ya Japani mwaka 2000 na kufariki 2022 akiwa na miaka 101, alirudi kijijini Kijoka baada ya vita akafufua kitambaa cha bashofu, kinachofumwa kwa nyuzi za mgomba, nyuzi zinazochunwa kutoka kwenye shina, zinachemshwa, zinakwanguliwa, zinaungwa moja moja kwa fundo dogo, na alifufua pamoja na wanawake wa kijiji waliobaki wanaokumbuka. Jina lake liko kwenye vitabu. Yale ya wenzake unayapata kwa kuuliza.

Muulize pia ruhusa. Kuna vitambaa ambavyo ni vya familia, au vya ibada, au vya mtu aliyefariki, na kuonekana kwake nje kunawaumiza wenyewe. Mara mbili nimeambiwa hapana na mara zote mbili nilikuwa tayari nimeshaandika makala nzima, ikauma, nikaiacha kwenye kompyuta na bado iko huko.

Na msiwasubirie mwezi maalum. Wasanii weusi wanapigiwa simu mwezi mmoja, wanawake siku moja, watu wenye ulemavu siku moja, halafu kimya hadi mwaka mwingine, na wanajua, wanahesabu. Althea McNish alitoka Trinidad akaenda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950, akasomea uchapaji wa vitambaa London, na mwaka 1957, mara tu alipomaliza masomo, duka la Liberty likampa kazi. Kwa dizaini yake ya Golden Harvest ya 1959, alitembea kwenye mashamba ya ngano ya Essex akaona miwa ya kwao, na ndo akaichora hivo, ngano yenye jua la Karibiani. Alikuwa anajua teknolojia ya uchapaji kiasi kwamba mafundi wakisema rangi zake haziwezekani anawaonyesha zinawezekanaje. Alifanya kazi miongo na miongo, akafariki 2020, na maonyesho makubwa ya kazi zake yakafunguliwa London 2022. Miaka miwili baadaye. Hicho ndo kinachonifanya nisisubiri tarehe, nikiwa na jina na ruhusa leo, naandika leo.

Sasa neno kwa wenzangu mnaoshona, kwa sababu najua mnasoma. Wekeni saini. Herufi mbili kwenye kona ya nyuma, uzi wa rangi ile ile kama mteja hapendi kuona, lakini ziwepo. Piga picha kazi kabla haijaondoka, mbele na nyuma, andika tarehe na siku ilizochukua. Unapokubaliana na dizaina au duka weka kwenye maandishi, hata kama ni meseji ya simu tu, kwamba jina lako litatajwa na litaandikwa hivi. Wengi wao watakubali, nilishangaa mi mwenyewe, mara nyingi hawakuwahi kuombwa. Atakayekataa umemjua mapema kabla hujakaa wiki tatu kwenye gauni lake.

Yule dada nilimjibu siku ile ile, nikaomba radhi, nikabadilisha kapsheni nikaweka jina la mama yake kama alivyoniandikia, herufi kwa herufi. Akanitumia picha ya upande wa nyuma wa kile kitambaa, ambao mi sikuwahi kuuona, na pale kwenye pindo kulikuwa na herufi mbili nyekundu ndogo kama punje. Zilikuwepo muda wote. Baadae akapiga simu ya video mama akiwa pembeni, mama haongei sana, hakutaja kabisa ile posti, aliuliza kitu kimoja tu, sehemu gani nimeipenda zaidi. Nikamwambia ukingo wa chini, pale mshono unapogeuka kona bila kuvunjika. Akacheka akamwangalia binti yake, akasema ile kona aliifumua mara tatu.